Maji ya Shamba la Mwisho

Sasa hivi ya juu ni kesho ya chini. Kwetu milimani methali hii inasemwa na watu waliochoka, na inasemwa polepole, kama mtu anayeshusha mzigo. Ilianzia kwenye mfereji, na habari za mfereji huo nilizipata kwa bibi siku tuliyokwenda kusaga.

Tulikuwa watatu: bibi, mimi, na dada Niwaeli, mtoto wa baba mkubwa, ambaye yuko kidato cha pili. Tulikuwa na debe moja la mahindi, mimi na Niwaeli tukipokezana kulibeba. Tulifika mashineni saa nne asubuhi, na kabla hatujaliweka chini vizuri umeme ukakatika. Kaka Heriel, mwenye mashine, akatoka nje amejaa unga mpaka kwenye kope.

"Bibi, kaeni tu hapo kwenye gogo," alisema. "Umeme unarudi sasa hivi."

Tukakaa. Saa tano bibi akauliza. "Sasa hivi, bibi." Saa sita akauliza tena. "Sasa hivi tu, nimewapigia simu." Saa saba bibi hakuuliza. Alivua viatu, akaviweka pembeni, akaangalia miguu yake iliyovimba, akasema, na wala hakuwa anamwambia mtu: "Sasa hivi ya juu ni kesho ya chini."

Niwaeli akacheka. "Bibi, hata Waingereza wanayo hiyo."

"Waingereza gani?"

"Mwalimu wetu ametuambia juzi. Wana neno lao, 'soon'. Sisi darasani tunaandika ni 'karibuni', 'baada ya muda mfupi'. Mwalimu anasema zamani sana halikuwa hivyo. Mtu akisema 'soon' ni hapo hapo, hujafumba jicho. Sasa watu wakawa wanalisema halafu hawanyanyuki. Anasema, anakaa. Anasema, anakaa. Mpaka neno lenyewe likachoka, likawa ni baadaye."

"Walilichosha wenyewe," bibi alisema.

"Ndiyo."

"Halafu wakafanya nini?"

"Wakatafuta neno jingine la hapo hapo."

"Na hilo nalo?"

"Mwalimu anasema na hilo nalo wakalichosha."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe na Waingereza wana mfereji."

Tukamuuliza mfereji gani. Akatuangalia kama tunaouliza jina la baba yetu. "Methali mnaisikia kila siku, hamjui ilikotoka? Haya. Ilitoka kwa mama yangu mzazi. Na mimi nilikuwepo, ila nilikuwa mgongoni, kwa hiyo nilisimuliwa kama nyinyi mnavyosimuliwa." Kisha akaanza, na haya ndiyo maneno yake.

*

Huko juu Mkongea, nilikozaliwa, kulikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimba, limezungushiwa mawe na udongo. Chemchemi inaingia humo usiku kucha, alfajiri limejaa. Asubuhi wanazibua, maji yanashuka kwenye mfereji, yanapita shamba moja baada ya jingine. Jioni ndiva imekwisha, wanaziba, ijae tena. Maji ya leo ni ya leo, hayabaki.

Mfereji wetu ulikuwa na mashamba manne. La kwanza, pale pale chini ya ndiva, lilikuwa la Mzee Kirita. Yeye ndiye aliyeitunza ndiva, kama baba yake na babu yake walivyoitunza. La pili lilikuwa la Mbonea, mtu wa maneno mengi. La tatu la Mama Nakijwa. La mwisho kabisa, chini kwenye jiwe jeupe, lilikuwa letu. Mama yangu aliitwa Namkunda. Baba alikuwa ameteremka tambarare kukata mkonge. Alisema anakwenda miezi sita, na huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Kando ya ndiva kulikuwa na kijiti kimesimamishwa na jiwe chini yake. Asubuhi maji yalikuwa ya wale wawili wa juu. Kivuli cha kijiti kikigusa lile jiwe, wa juu wanaziba midomo ya mashamba yao kwa vipande vya mgomba na tope, na maji yanashuka kwa wale wawili wa chini. Hapo Mzee Kirita anapaza sauti: "Naziba! Sasa hivi!" Mbonea anaipokea, anaipeleka chini. Mama Nakijwa anaipokea, anaipeleka chini. Mama yangu anaisikia, anachukua jembe, anakimbia kwenda kusimama kwenye mdomo wa shamba lake.

Sasa sikilizeni sheria zake. Ukishaitwa, huruhusiwi kuondoka mdomoni kwako. Maji yakifika hayajakukuta, yanapita yanakwenda korongoni, na zamu yako imekwisha. Na huruhusiwi kugusa mdomo wa shamba la mwenzako, ukigusa faini yake ni beberu. Kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuwa sheria ila lilikuwa baya kuliko sheria: kupanda. Kupanda kumfuata mtu shambani kwake kwa ajili ya maji ni sawa na kumwita mwizi mbele ya watoto wake. Hakuna aliyepanda. Watu walikufa hawajapanda.

Wazee walisema babu yake Kirita alikuwa hatamki "sasa hivi" mpaka mikono yote miwili imo topeni. Mtu wa chini akisikia sauti, hata kama hajafika mdomoni, tayari maji yako njiani. Baba yake Kirita akawa anaitamka akiwa anakwenda kwenye tope. Hapo siyo mbali, ni hatua kumi, nani atalalamika kwa hatua kumi? Kirita mwenyewe akawa anaitamka akiona tu kivuli. Sauti ni ile ile. Neno ni lile lile. Ila mikono ilikuwa imeshakuwa mbali nalo.

Mwaka huo mvua za vuli zilikatika mapema. Mahindi ya mama yalikuwa yametoa mbelewele, na mahindi yakikosa maji wakati wa mbelewele utavuna magunzi. Hilo alilijua kila mtu. Ghalani hakukuwa na kitu zaidi ya mbegu. Shamba lile ndilo lilikuwa chakula chetu mpaka mwaka unaofuata, chake na changu, na kama angetokea, cha baba.

Siku ya kwanza kivuli kikagusa jiwe. Mzee Kirita akaona, akapaza sauti, "Naziba! Sasa hivi!" Alipogeuka kwenda kuziba akaona mstari mmoja wa migomba haujapata. Mmoja tu. Akauacha unywe. Mbonea alikuwa ameisikia sauti, ameipeleka chini vizuri kabisa, halafu akaona bado maji yanakuja kwake, akasema kwa kuwa mzee hajaziba, basi ngoja nimalizie tuta la viazi. Moja tu. Mama Nakijwa naye akapeleka sauti: "Namkunda eeeh! Sasa hivi!" Maji yalipomfikia, jua lilikuwa limeshainama, na yeye ana watoto saba. Akanywesha maharage yake haraka haraka. Hakumaliza hata nusu.

Mama alisimama. Jembe mkononi, mimi mgongoni. Alisimama mpaka mfereji uliokuwa mkavu ukabaki mkavu, na sauti kutoka juu ikasema ndiva imekwisha.

"Kesho, Namkunda!" Mama Nakijwa akapaza.

"Haya, kesho," mama akajibu.

Kesho yake ikawa vile vile. Na kesho yake tena. Mnajua kinachochosha siyo kusimama. Kinachochosha ni kusimama umeitwa. Hakuweza kwenda kutafuta kuni, ameitwa. Hakuweza kwenda kulima kibarua kwa watu apate hata kibaba, ameitwa. Hakuweza kukaa kivulini kuninyonyesha, maana kivuli kilikuwa mbali na mdomo. Alininyonyesha akiwa amesimama juani. Jioni anarudi nyumbani anakula kiazi baridi, analala na nguo alizoshinda nazo. Siku ya nne miguu yake ikapasuka visigino. Ikawa akisikia ile sauti, "Sasa hivi!", moyo haushtuki tena. Alikimbia kwa mazoea tu.

Siku ya tano sauti ilikuja kama kawaida. Mama akafika mdomoni, akasimama kidogo, akaangalia mahindi. Majani yalikuwa yamejikunja kama kamba. Akaliweka jembe begani, akaanza kupanda.

Mama Nakijwa alikuwa wa kwanza kumwona. "Mama Nanzia! Unakwenda wapi? Umeitwa!"

Nanzia ni mimi.

"Nimesikia," mama akasema. "Naifuata hiyo sasa hivi yenyewe. Nataka niione inakaa wapi."

"Rudi, mwenzangu. Watasema."

"Waseme. Nitawasikia nikiwa nakwenda."

Akampita. Kwa Mbonea akamkuta Mbonea amesimama katikati ya viazi, maji yanamzunguka vifundoni.

"Haa!" Mbonea akasema. "Wa jiwe jeupe amepanda! Leo mvua itanyesha."

"Inyeshe tu, shemeji, maana mfereji umegoma."

"Usinitazame hivyo. Mimi neno nimelipitisha kama nilivyolipokea. Sikulipunguza hata kidogo."

"Neno hukulipunguza," mama akasema. "Na maji?"

Mbonea alikuwa mtu wa maneno mengi, nimeshawaambia. Siku hiyo aliangalia miguu yake. "Lilibaki tuta moja tu, shemeji."

"Najua. Kila siku linabaki moja."

Akampita na yeye. Alipofika kwa Mzee Kirita, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda na mkewe, wanakula ndizi za kuchoma. Mdomo wa shamba lake ulikuwa wazi, maji yanaingia kwenye migomba taratibu, hayana haraka na mtu. Kijiti kilikuwa pale. Kivuli kilishalipita jiwe, kiko kwenye majani upande wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akashangaa. "Mbona umepanda? Nimeshaita."

"Nimesikia, baba."

"Basi rudi, maji yasije yakakupita. Naziba sasa hivi."

"Nitasubiri nione."

Mke wa Mzee Kirita akaacha kutafuna. Mzee akaweka ndizi chini. "Namkunda. Unaniita mwizi?"

"Hapana, baba. Mwizi anajua alichochukua."

"Sasa unaniita nani? Nimechelewa lini mimi? Kivuli kikigusa jiwe tu, mimi nimeshaita. Muulize yeyote. Sijachelewa hata siku moja."

"Ni kweli, baba. Kuita hujachelewa."

Maji yalikuwa yanasikika yanavyoingia kwenye migomba. Mimi, wanasema, nilianza kulia, na mama hakunibembeleza.

"Baba," mama akasema, "umewahi kufika kwenye jiwe jeupe?"

Mzee alizaliwa kwenye mfereji ule. Alikuwa mtunza ndiva miaka thelathini. Na hakuwahi kuvuka shamba la Mbonea. Angekwenda kufanya nini? Maji yalikuwa yanakwenda yenyewe.

Akasimama kwa hasira. Akaenda kwenye mdomo wa shamba lake, akaingiza mikono yote miwili topeni, akaziba. "Haya! Nimeziba! Umeona? Shuka ukachukue maji yako."

"Twende wote, baba."

"Mimi niende kufanya nini?"

"Ukanioneshe yanavyofika."

Basi akaenda. Alikwenda ili amwaibishe, mama mwenyewe alilijua hilo. Wakateremka pamoja na maji, mzee upande huu wa mfereji, mama upande ule. Walipofika kwa Mbonea walikuta ameziba muda huo huo, mikono inachuruzika tope, anapangusa jasho kama aliyeziba tangu asubuhi. Kwa Mama Nakijwa, yeye alisema, "Baba, kidogo tu, ya maharage yaliyobaki," na mzee akasema, "Ziba." Akaziba. Baadaye mama alimwonea huruma kwa hilo, maana na ile ilikuwa zamu yake.

Kutoka hapo mfereji ulikuwa umepasuka. Siku tano haujapata tone. Maji yaliingia kwenye nyufa, yanazama, yanajitokeza mbele kidogo, yanazama tena. Yalitembea kama mgonjwa anayeshikilia ukuta. Wao walitembea nayo hatua moja moja. Mzee akaanza kuhema. Akasimama, akaendelea. Akauliza, "Bado ni mbali?" Mama akasema, "Jiwe lile pale." Na kweli jiwe lilikuwa linaonekana.

Zilibaki kama hatua arobaini. Ulimi wa maji ukafika kwenye ufa mpana, ukaingia, haukutoka. Wakasubiri. Nyuma yao mfereji ukaanza kupungua, ukawa matope, halafu unyevunyevu tu. Huko juu ndiva ilikuwa imekwisha. Jua lilikuwa linazama.

"Basi kesho," Mzee Kirita akasema.

Nadhani alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe. Maana ile kesho alikuwa hajawahi kuitamka yeye. Juu haitamkwi. Inatamkwa chini, kila jioni, na yeye hakuwahi kuwepo.

Kesho yake alizibua ndiva alfajiri na hakufungua mdomo wa shamba lake kabisa. Alimwambia Mbonea asifungue, akamwambia Mama Nakijwa asifungue, akateremka na maji peke yake, na fimbo. Yalifika kwenye jiwe jeupe jua likiwa limeshapanda. Mama alikuwa mdomoni. Akakata udongo kwa jembe, maji yakaingia shambani, mengi, yanang'aa, yanajaa kila tuta. Mzee akatabasamu. Akaingia kati ya mahindi kuangalia.

Akashika hindi moja, akalimenya. Ndani kulikuwa na punje sita, saba, zimeachana kama meno ya kizee. Akamenya jingine. Gunzi. Akamenya jingine. Akaacha.

Alitoka akakaa kwenye jiwe. "Mwanangu," akasema, "kwa nini hukusema mapema?"

"Niliambiwa sasa hivi, baba. Mtu akiambiwa sasa hivi anasubiri. Ungeniambia wiki hii hakuna maji, nisingesimama. Ningekwenda kwa kaka yangu nikaombe chakula. Ningelima kibarua. Ningekata haya mahindi nikapanda mihogo. Nisingekulaumu."

"Lakini mimi nilisema sasa hivi. Na moyoni ilikuwa sasa hivi. Sikukudanganya."

"Hukunidanganya," mama akasema. Hakuwa na hasira, wanasema. Ilikuwa imeshamwisha jana alipokuwa anapanda. "Kwako ilikuwa sasa hivi. Ikateremka kwa Mbonea ikawa akimaliza tuta. Ikateremka kwa Mama Nakijwa ikawa jioni. Ikafika hapa kwangu. Sasa hivi ya juu, baba, ni kesho ya chini."

Akanishusha mgongoni, akaniweka kwenye kanga. Akakaa ukingoni mwa mfereji, akatumbukiza miguu kwenye yale maji aliyoyasubiri siku sita, akanawa miguu. Hakukuwa na kazi nyingine ya kuyafanyia.

*

Bibi akaishia hapo. Mashine ilikuwa kimya. Niwaeli akauliza tuliishije, yaani wao waliishije mwaka ule.

"Tuliishi," bibi akasema. "Siyo vizuri. Mzee Kirita alituletea ndizi mpaka nikajua kutembea. Mama Nakijwa alitoa maharage, na yeye hakuwa nayo. Mama alilima mashamba ya watu mpaka mgongo ukapinda, mlimkuta umepinda vile. Zamu zikageuzwa, maji ya asubuhi yakawa yanaanzia chini. Na hakuna aliyeruhusiwa kutamka sasa hivi mpaka mikono imo topeni. Mzee Kirita akawa kila siku anateremka na maji, mpaka miguu ilipomkatalia. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Tunasema, babu anachunga maji. Yeye anasema, ndiyo, yakiachwa peke yake yanapotea njia."

"Na baba yako je?" Niwaeli akauliza. "Alirudi kutoka kwenye mkonge?"

"Alileta salamu kwamba anakuja sasa hivi."

"Akaja?"

"Akaja. Nikiwa darasa la pili."

Niwaeli alicheka, halafu akaacha. Hapo tukaona kaka Heriel amesimama mlangoni. Sijui alianza kusikiliza wapi. Alikuwa anajifuta unga mikononi, na mikono ilikuwa haina unga tena.

"Bibi," akasema. "Kusema ukweli, leo hakuna. Kuna nguzo imeanguka huko chini. Wameniambia labda keshokutwa."

"Wamekuambia lini?"

"Saa tano."

"Na saa sita ukaniambia nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilisema sasa hivi. Sikutaka mchoke, bibi, na mmetoka mbali."

"Kutembea hakuchoshi, mjukuu wangu," bibi akasema, anatafuta viatu kwa miguu. "Ungeniambia saa tano, saa hizi mahindi yangeshakuwa jikoni yanachemka." Viatu vikakataa kuingia. Akavishika mkononi. "Lakini asante. Hilo ndilo jibu. Na leo umelileta mwenyewe mpaka hapa."

Kaka Heriel akatubebea debe mpaka njia panda. Kutoka hapo tukapokezana mimi na Niwaeli. Bibi alitembea peku nyuma yetu, na kila tukigeuka alikuwa mbali zaidi kidogo, tukawa tunasimama kumsubiri.

Nyumbani mama alikuwa ameshabandika maji ya ugali. Alituona tangu kwenye uzio. "Unga uko wapi?" akapaza sauti. "Maji yanachemka!"

Nilimwona Niwaeli anafungua mdomo. Nilijua neno gani linakuja, maana hata kwangu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Tunalisema bila kufikiri. Akafunga mdomo, akameza, akasema, "Leo hakuna unga, mama mdogo. Mpaka keshokutwa."

Mama akasimama kidogo na mwiko wake. Kisha akasema, "Haya. Leteni hayo mahindi, tupike makande." Akamwaga mahindi kwenye yale maji, akaongeza maharage, akachochea moto. Hata hakukasirika. Alikuwa amejua cha kufanya.

Bibi alifika, akakaa kwenye kigoda. Nikaenda na beseni la maji, nikaliweka mbele yake, mikono yangu ikiwa bado imelishika. Akatumbukiza mguu mmoja, halafu wa pili, akafumba macho.

"Sasa hivi ya juu," akasema, na hakumalizia. Alikuwa amechoka.

Nikamwoshea visigino. Vilikuwa vimepasuka. Na mimi ambaye huwa sisemi mbele ya watu, nikaimalizia, kwa sauti ndogo, yeye tu asikie: "Ni kesho ya chini."